Gramu Moja na Kitu

Kutaisi, Januari, saa tatu usiku.
Madaftari ishirini na sita, jiko la kuni,
kalamu nyekundu iliyoanza kukauka.
Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: pima, changanya, pima tena.
Tungamo haliumbwi, tungamo haliangamizwi.
Tuliiandika kanuni ubaoni, tukaisoma kwa sauti kama sala,

kisha mizani ikatukana.

Lamzira alimwaga siki kidogo kabla ya kupima mara ya pili,
akafuta meza kwa mkono wa sweta, hakuandika neno.
Mapacha wa akina Ubiria walipima bilauri ikiwa kavu,
wakairudisha imelowa kitako,
wakashangilia kwamba dunia imeongezeka nusu gramu.
Merab aliweka chupa ikiwa bado moto.
Hewa ya moto hupanda, nayo huiba uzito
kama mwizi wa kuku, bila kelele;
nambari zikashuka, zikapanda, zikashuka,
akachagua ile iliyompendeza.

Na Natela, mpenda moto,
alichoma sufi ya chuma, cheche zikaruka hadi dirishani.
"Imepungua, mwalimu."
Imepungua, ndiyo. Nyingine iko kwenye nywele zako.
Iliyobaki kisahanini imekula hewa, imenenepa,
ila nani atazikusanya cheche?

Gocha aliacha chupa wazi.
Magadi yakakutana na siki, povu likapanda hadi shingoni,
tukaisikia gesi ikinong'ona, ikitoka,
mizani ikapoteza gramu mbili.
Nikamwambia: rudia, na safari hii funga.
Akafunga kwa puto jekundu,
masalio ya sherehe ya mdogo wake.
Puto likavimba, likasimama wima kama jogoo.
Hakuna kilichotoka. Nililizungushia kidole mdomoni mwa chupa, hakuna.
Na bado mizani ikasema: gramu moja na kitu haipo.

Darasa zima likanitazama.
Miaka thelathini na moja nafundisha,
nikajifanya natafuta chaki.

Jibu lilinijia jioni, kwenye ngazi, na mfuko wa viazi begani:
puto lililovimba limekalia mahali pa hewa,
na hewa haikubali kukaliwa, hulisukuma juu,
kama Rioni imwinuavyo anayeoga.
Kitu kipo chote. Kimeshikwa mkono tu.
Chupa ngumu ya limonadi, kizibo cha kusokota,
hiyo isingevimba, ingesema kweli.

Nafungua daftari la Badri, nadhifu kuliko yote.
Kabla: 153.20. Baada: 153.20.
Hakuna tone lililopotea, hakuna pumzi.
Naijua chupa yake. Ina ufa.
Nne kati ya kumi.

La Gocha nimeliweka mwisho.
Chini ya jedwali, kwa penseli, herufi zimelala:
"Imepungua. Sijui imekwenda wapi.
Mama alipokwenda Bari nyumbani tulisema hayupo,
lakini yupo, anamwogesha bibi wa watu,
kila Jumapili anatuma picha ya mkate.
Labda nilipima mahali padogo mno."

Kalamu imekauka kweli sasa.
Naisugua kiganjani, naipulizia, inatoa mstari mmoja na nusu.
Simwandikii alama.
Naandika: Kesho njoo na chupa ya limonadi.
Usisahau kizibo cha