Tundu la Kupumulia

Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
Fundi Singano kapiga marufuku kiberiti mlangoni kwake.
Betri ya teksi yangu imevimba mbavu,
haikai tena kwenye kikalio chake.

"Nani kaziba hapa kwa gundi?"

Mimi. Ilikuwa ikinuka mayai viza,
mke wangu akalalamika.

"Imeandikwa haifunguliwi.
Haikuandikwa haipumui."

Akavaa miwani, akazima chaja,
akafungua madirisha yote,
tukahamia barazani tukaiacha ipoe.
Hakuna aliyeigusa mpaka adhana ya adhuhuri.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu.
Mke wangu akaanza:
"Lile jambo la mwezi uliopita..."

Safari hii sikumziba.
Nilisukuma dirisha,
nikavuta kigoda,
nikakaa.