Bakora ya Ghorofani

Saa tatu za usiku, hapa Dundee,
simu naiegemeza kwenye birika
na watu wa maombi wanaingia mmoja mmoja:
Mama Nsiande wa Leeds, bado na sare ya kazi,
shemasi Mwaluko, mapacha wa Njombe
ambao mtandao wao hukohoa kila wakisema "Bwana."
Tunafumba macho katika miji minne.
Nami nikifumba, hupaza.
Sijui kumpenda Mungu kwa kunong'ona;
nimelelewa na mama aliyesali mpaka kuku wakanyamaza.

Ndipo dari hujibu.
Du. Du. Du.
Bwana Lorimer na bakora yake.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.
Hii haikuwa ya mbali.
Futi tisa juu ya utosi wangu
iliua zaburi baada ya zaburi,
nami niliombea wagonjwa, wafungwa, wajane,
mabaharia ambao sijapata kuwaona,
nikaombea na maadui, kwa jumla,
bila kutaja namba ya mlango.

Kwenye ngazi tulipishana kama magari:
yeye na mfuko wake wa maziwa na gazeti,
mimi natoka kufua mashuka ya hospitali,
viganja vimechujuka kwa dawa.
"Kelele," alisema mara moja. Kiingereza changu
kilikuwa na jibu zuri, likachelewa,
likanifikia nikiwa tayari jikoni.
Nikaliambia sufuria.

Jumanne ile theluji ilikuwa imegeuka tope.
Mapacha wakaanza, shemasi akapokea,
zamu yangu ikafika, nikapaza,
nikapaza tena,
na dari ikakaa kimya.

Nisikufiche: kwanza nilifurahi.
Nilidhani nimeshinda.
Nikaomba dakika nzima kama mtu aliyeachiwa uwanja,
na kila neno lilipanda, likagonga plasta, likarudi
na swali mdomoni.
Hata mbishi huchoka, ndiyo. Lakini huyu?
Huyu ambaye hakukosa hata Krismasi?

Sikusema amina.
Niliacha simu pale pale kwenye birika,
nikapanda ngazi kumi na nane na kandambili zangu,
nikabisha kwa ngumi, hodi, hodi, kwa Kiswahili.
Mlango ulikuwa umeegeshwa tu.

Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na hita iliyozimwa,
bakora imebingirika mbali na vidole vyake
umbali wa shubiri moja.
Macho wazi. Alinitazama
kama fundi wa gesi aliyekuja siku isiyo yake.
"Leo," akasema, "mmechelewa kuanza. Dakika tano."

Kumbe alikuwa anahesabu.

Niliita gari la wagonjwa kwa simu yake ya waya,
nikamfunika blanketi, koti, na taulo yenye picha ya kulungu.
Nikamuuliza, nikuombee?
Akasema: "Soksi."

Basi nikapiga magoti, kwa kazi hiyo.
Nyayo zilikuwa baridi kama chuma cha daraja,
kisigino kimepasuka kama cha baba yangu,
kama cha mtu yeyote.
Soksi ya pili ilikuwa na tundu; nikaigeuza,
tundu likakaa juu, kidole kikapata kujificha.

Na hapo, kupitia mbao, nikasikia
kile alichokuwa akikisikia miaka miwili:
sauti zisizo na maneno,
vishindo vya watu wanaompenda mwingine
katika chumba ambacho yeye hajaalikwa.
Kisha Mama Nsiande, peke yake, anaita:
"Dada, upo? Dada, tunakungoja umalizie."

Bakora ilikuwa karibu na goti langu.
Nikagonga sakafu, mara moja, taratibu.
Nipo.

"Hawatasikia hiyo," akasema Bwana Lorimer.
"Gonga sawasawa."