Hati

Siku ya kwanza nilichelewa.
Nilitoka Jumba la Ardhi, foleni ya tangu alfajiri,
hati ya shamba la mama nimeikunja mkobani,
mkoba nimeubana kwapani kama kuku wa mnada.
Ngara, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo.
Julai, baridi ya kuingia hadi kwenye kucha,
na taa ya ngazi ilikufa tangu uchaguzi.
Sauti ya kike ikanijia kutoka juu:
Hati-hati!
Nikasimama. Nikakaza mkoba.
Nani kamwambia?

Kumbe kwao ni "tazama unapokanyaga".
Hati kwao si karatasi. Ni ini, ni moyo,
ni pale mtu anapoumia bila jeraha.
Itaje mara mbili, inakuwa tahadhari.

Tulikuwa wanne.
Barasa, dalali wa majani ya chai;
Kemunto, binti wa mchungaji, mwenye ufadhili wa Yogyakarta;
Halkano, ambaye hakusema kilichomleta;
na mimi, msahihishaji wa vitabu vya shule,
Mkamba anayelishwa na Kiswahili.

Bi Retnoningsih akaandika ubaoni
meja, sabun, kertas, bendera,
tukacheka kama watu waliokuta nguo zao
zimeanikwa kwenye kamba ya jirani.
Kisha gereja.
"Jela!" akadakia Barasa.
"La. Kanisa."
Mreno yule yule, neno lile lile:
huku likafungia watu, kule likapigiwa kengele.
Kemunto akakuna shingo:
"Jumapili nyingine, hata kwetu, si mbali sana."

Wafalme waliichonga kwenye mawe, alisema,
karne ya saba, karibu na mto wa Palembang.
Lakini jiwe halitembei.
Iliyotembea ni ile ya sokoni,
ya kupima pilipili, kuuliza bei ya kafuri,
kukopa, na kukana deni.
Ilikuwa Kimalei tu, haina nchi.
Hadi vijana wakakutana Batavia, ishirini na nane,
wengine wakiota kwa Kijawa, wakibishana kwa Kiholanzi,
wakaiapia lugha
ambayo mama zao wengi hawakuwabembeleza kwayo.
Wakaipa jina la nchi ambayo haijazaliwa.

"Kwa nini si Kijawa, chenye watu wengi?"
Neno la kwanza la Halkano tangu Jumanne.

Akaweka chaki chini.
"Kwetu Wajawa, kula ni kutatu.
Mangan, nikila na rafiki.
Nedha, mbele ya mgeni.
Dhahar, akila mkubwa.
Ukikosea kitenzi, umetukana ukoo.
Nani angejenga jamhuri hapo?
Wakachukua makan.
Rais makan. Mimi makan. Paka makan."

Wiki ya tano alileta barua ya bibi yake.
Soerabaja, u imeandikwa oe,
j zimejificha nyuma ya d, c nyuma ya t.
Sabini na mbili serikali ilizifuta zote.
Bibi hakufuta. Alikufa na oe yake.
Nami, kwa mazoea ya kazi,
kidole kilikuwa kimeshaanza kutafuta kalamu nyekundu.
Nikakikunja.

"Na mwanao?" nilimwuliza tukifunga madirisha.
"Yuko Jakarta. Nedha haijui, dhahar haijui.
Amekua makan tu."
Alisema kama anayejivuna.
Kisha akafuta ubao ambao ulikuwa safi.

Nikashuka gizani, mkono ukutani.
Simu ikalia: mama,
na Kikamba chake cha Mbooni, kisichojua kunong'ona.
Aliniuliza ngoo yangu i hali gani,
kama nimekula, kama karatasi ya shamba haijapotea.
Nikajibu. Ngazi mbili chini ndipo nikajisikia:
nilikuwa nimemjibu kwa Kiswahili,
mimi, mwanawe, na yeye hakushangaa.

"Ipo, mama," nilikuwa nimesema.
"Hati ipo.
Imekunjika kidogo tu."