Washa ya Baisa Hamsini

Karakana ya Mabela, baada ya isha,
feni inapuliza joto lile lile.
Paneli mpya zimelala kwenye kadibodi,
nyekundu, hazijaonja bolti.
Ghassan anazitamani.
Nikamwambia: chesi kwanza.

Brashi ya waya, msasa, tena brashi.
Kutu inabanduka kama ukoko wa wali,
hapa inang'ang'ania,
pale kidole kikazama hadi ndani ya bomba.
Tukakata. Tukachomelea kiraka.

Chini ya kiti cha dereva nati iligoma.
Nikaipa mafuta, nikaipa matusi,
ikalegea, ikaniachia kiganjani
washa ya ajabu: baisa hamsini,
imetobolewa katikati,
jambia limebaki ncha.

Mjane wa Suud, aliyetuuzia kule Barka,
alisema tu, "Marehemu hakutupa kitu."
Sikuelewa: sifa au lawama?

Kabla unyevu wa usiku haujakigusa chuma kitupu
tukapaka kijivu, mkono wa kwanza, wa pili.
Ghassan akaleta washa mpya, pakiti nzima.

Nikafunga ile ile.
Paneli zitaificha.
Mimi nitakuwa naikalia.