Kibali

Kwa kinyozi Odembo, Kondele, saa mbili usiku,
shujaa wa barakoa ameupiga mlango teke.
Tunashangilia. Nusu ya kichwa changu imenyolewa,
nusu bado.

Jumanne iliyopita, huyu huyu
alimfokea kijana wake kwa kufungua bahasha isiyo yake:
sheria ni sheria, bwana mdogo!
Leo anasoma barua za mke wa mtu,
anamning'iniza shahidi dirishani kwa mguu mmoja,
na muziki unapanda, unamtakasa.

Miaka ishirini na sita, karani wa korti,
nimegonga mihuri ya vibali vya upekuzi
hadi gumba likapinda.
Nanyamaza. Nami nataka mwizi ashikwe kabla ya matangazo.

Ila Awuor, anayefagia nywele, haitazami runinga.
Alfajiri ya Jumapili walimjia Nyalenda, watatu,
wakimsaka mtu asiyemjua.
Bawaba moja ingali inaning'inia;
usiku huuzuia mlango kwa mtungi wa gesi.

"Huyo," anauliza, ufagio umesimama,
"akikosea nyumba,
hurudi kuutengeneza?"

Odembo anapunguza sauti.
Mashine inanguruma kisogoni,
upande uliobaki.