Okidi ya Ipagala

Niliivuta, ikaja yote mkononi,
haina cha kuishikilia.
Mizizi kamba za kahawia,
ukiminya inatoa maji yanayonuka mtaro.

Nikapitisha wembe kwenye moto wa kiberiti.
Nikakata. Nikakata tena,
kikabaki kisiki na majani mawili
yaliyokunjamana kama magoti ya bibi.
Mdalasini kwenye vidonda, basi.

Ndahani akachungulia juu ya ukuta:
"Ishindilie udongo, jirani, mbona waitesa?"
Sikumjibu. Huu si mhogo.
Kwao Lushoto ilikalia gogo,
ikinywa ukungu.

Na hapa Dodoma ukungu nautoa wapi?
Upepo wa Julai unakausha hata mate.
Nikakata chupa ya maji, ile kubwa,
chini nikaweka mkaa uliolowa,
nikaining'iniza juu yake, isiguse.
Kiu ikinusa maji huota miguu.

Wiki ya tano, hakuna.
Ya saba nikafuta vumbi, nikavaa miwani:
ubavuni, ncha ya kijani
isiyozidi kichwa cha njiti.

Wala haikuelekea chini.
Imenyoosha kidole kwenye hewa tupu,
kama mimi siku ile, na maboksi ya ofisi,
nauliza njia ya Ipagala.