Chungu cha Chokoleti

Ombeline ana miaka minne na soksi tatu:
mbili miguuni, ya tatu mfukoni mwangu,
maana Desemba iliyopita alikanyaga dimbwi
akalia tangu kanisani hadi stesheni.
Mwaka huu nimejifunza.

Tunaupanda mji wa kale wa Geneva.
Upepo wa ziwani unakata masikio.
Wanaume tunaowajua (mmoja ni daktari wetu wa meno)
wamevaa deraya na kofia za chuma,
wanatembea kana kwamba hata magoti yao
ni ya mwaka elfu moja mia sita na mbili.
Gobori linalia. Moshi.
Ombeline ananiparamia hadi shingoni,
halafu moshi ukishatawanyika anaamuru:
"Tena!"

Namsimulia kama nilivyosimuliwa na mama mkwe,
aliyesimulia huku amenikazia macho:
usiku mrefu, mji umelala,
askari wa mtawala wa Savoia wanakwea ukuta
kwa ngazi zilizopakwa weusi zisionekane,
na mama mmoja, mwenye watoto tele na supu jikoni,
anafungua dirisha.
"Supu ya nini?"
Ya mboga.
"Ilikuwa ya moto?"
Sana.
"Aliipuliza kwanza?"

Hapo nikakwama.
Mimi ndiye ninayemfundisha kupuliza.

Kuna kichochoro kinachofunguliwa siku hizi tu,
chembamba kama ufa wa mkate.
Yeye anapita mbio.
Mimi napita ubavu ubavu, tumbo ndani,
vifungo vya koti vikikwaruza mawe,
nawaomba radhi walio nyuma yangu,
nawaomba radhi walio mbele.
Upande wa pili namkuta na kikombe cha supu
alichopewa na bibi asiyemjua.
Anakipuliza, anakipuliza, hanywi.

Jioni, kwa Gédéon, babu wa mke wangu,
ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Mezani chungu cha chokoleti chenye miguu mitatu
na ngao ya mji kifuani,
tumboni karoti na njegere za sukari na lozi.
Desturi ni kwamba mkubwa wa wote na mdogo wa wote
washikane mikono, wakivunje kwa ngumi moja.
Tisini na mmoja juu ya minne:
mkono wenye madoa kama ndizi iliyoiva
juu ya mkono wenye gundi ya shuleni.

"Hivi ndivyo walivyoangamia maadui wa Jamhuri!"
wanapaza sauti wote, nami napaza,
mimi mzaliwa wa Thonon, kule Savoia,
kitukuu cha kitukuu cha watu wa ngazi.
Mama mkwe anacheka kidogo. Kila mwaka anacheka pale pale.

Chungu hakikuvunjika.
Wakarudia. Wapi.
Gédéon akashika kiganja chake, akauma mdomo,
akasema chokoleti ya siku hizi wanaipika na saruji.
Hakuna aliyecheka.
Ombeline akamtazama.
Akauchukua ule mkono mkubwa kwa mikono miwili,
akaupeleka mdomoni
akaupuliza,
polepole, kwa zamu, kidole kwa kidole,
kama kitu kilichotoka jikoni sasa hivi.

Mara ya tatu kilipasuka.
Njegere zikabingirika hadi chini ya kabati;
huko zitakaa, nadhani, mpaka Pasaka.

Treni ya saa tatu na robo.
Amelala kifuani pangu, soksi ya tatu mguuni
(dimbwi lile lile, mahali pale pale),
ngumi imefumbwa juu ya karoti
aliyosema ni yangu, kisha akasahau kunipa.
Mpaka tuliuvuka tukiwa chini ya ardhi, gizani.
Hakuna aliyetuuliza kitu.
Tukaingia Savoia bila ngazi,
sukari ikiyeyuka kwenye shati langu.